Msaada: programu gani nzuri ya kukopi DVD za harusi zilizoanza kukwama?

BintiChumbageni

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naomba msaada wenu kwa hili mana nimezunguka sana na kila mtu ananiambia lake.

Nina DVD tatu za harusi ya dada yangu, ilifanyika hapa Tanga mwaka 2007. Ni zile za kuchomwa, upande wa chini zina rangi ya zambarau na juu mpiga video alituprintia picha ya bibi harusi. Miaka yote zilikaa kwenye mkoba wa mama kabatini, mama alifariki 2015 na tangu hapo hakuna aliyezigusa. Juzi dada aliyeko Muscat kaniomba nimtumie, nikaweka ya kwanza ikacheza vizuri tu, ya pili ikafika saa moja na dakika 41 ikaganda. Picha inakuwa vibokisi vibokisi, sauti inakata, alafu deki inatema diski. Nimejaribu mara nne ni pale pale. Na pale ndo mama anaanza kumuimbia dada nyimbo za kumuaga, ndo sehemu pekee duniani tuliyonayo yenye sauti ya mama akiimba, hatuna nyingine, hakuna simu wala kanda.

Nikipeleka diski kwenye mwanga naona pembeni kabisa kumekuwa na kama utepe wa kahawia, sio mkwaruzo, ni kama rangi imebadilika kwa ndani.

Nilipeleka steshenari moja, kijana akasema anakopi kwa dakika kumi, akanirudishia DVD mpya ambayo nayo inaganda hapo hapo. Mwingine kanambia ninunue programu ya kukopi DVD, dola 60 kwa mwaka, eti hiyo inasoma diski zote hata zilizokufa. Kabla sijatoa hela nimeona niulize, nichukue programu gani? Natumia laptopu ya Windows 10, haina sehemu ya DVD ila naweza kununua ya nje. Natanguliza shukrani.

FundiWaMwenge

Pole sana dada kwa kumpoteza mama. Kwanza usitoe hizo dola 60. Hizo programu za kulipia kinachouzwa zaidi ni kuvunja kufuli la DVD za filamu za kiwandani, na DVD ya harusi iliyochomwa na mpiga video haina kufuli lolote. Kwa hiyo utakuwa umenunua ufunguo wa mlango ambao uko wazi. Shida yako wewe ni diski yenyewe kuchoka, na hapo programu ya bure inaweza kukufaa kuliko ya kulipia.

Kitu cha pili, na hiki naomba ukishike, acha kuicheza hiyo diski ya pili kwenye deki. Kila ukiicheza hupati kitu kipya na unaongeza hatari ya kuikwaruza. Diski za kuchoma zina rangi ndani yake, laser ndo iliyoandika kwenye hiyo rangi, na hiyo rangi inakufa taratibu kwa joto na unyevu na mwanga, na pwani yetu vyote vitatu viko. Ukiona kahawia inaanzia pembeni ina maana hewa imeingia kutokea ukingoni. Sasa DVD inaandikwa kuanzia katikati kwenda nje, ndo mana mwanzo wa harusi uko salama na mwisho ndo unaganda, saa moja na dakika 41 kwenye diski ya karibu saa mbili ndo hapo hapo ukingoni. Haijafa yote. Ila hiyo kahawia haitarudi nyuma, itaendelea kuingia ndani.

Fanya hivi. Nunua draivu ya DVD ya USB, Kariakoo pale Aggrey utapata, na Tanga mjini pia usikose. Alafu danlodi ImgBurn, ni ya bure, ya zamani kidogo, toleo la mwisho ni 2.5.8.0 la mwaka 2013 ila bado inafanya kazi Windows 10 bila shida. Wakati wa kuinstoli soma kila ukurasa, ikikuomba kuongeza kitu kingine kataa, kuna installer zake zimefungashwa na takataka. Ukishaifungua chagua ile ya kutengeneza faili la image kutoka kwenye diski, itakupa faili moja la ISO ambalo ni nakala ya diski nzima kama ilivyo, bila kupunguza ubora hata kidogo.

Anza na ya kwanza na ya tatu ambazo ziko nzima. Usianze na mgonjwa.

Na kabla ya yote safisha. Kitambaa laini cha pamba, kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa kinatosha, maji safi kidogo, unafuta kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Dawa ya meno usiguse hata ukiambiwa na nani.

KijanaWaLikoni

Fundi amesema vizuri, mimi naongeza upande wa kumtumia dada wa Muscat kwa sababu ISO pekee hatoweza kuifungua kwa simu.

Ukishapata ISO ndio unaleta HandBrake. Hii nayo ni ya bure na iko Windows, Mac na Linux. Tafadhali ichukue handbrake.fr peke yake, usitafute kwingine, mwezi wa tano 2017 hata seva yao moja iliwahi kuingiliwa watu wa Mac wakapakua faili lenye virusi kwa siku kadhaa, kwa hivyo kama pale pale kwao iliwezekana fikiria hizo tovuti za mfukoni. Unaifungua, unaipa ile ISO, inasoma vichwa (titles), yani video zote zilizomo. Chagua kile kirefu. Upande wa presets chukua Fast 576p25 kwa kuwa video zetu huku ni za mfumo wa TV wa PAL, 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Ubora weka RF (kipimo chao cha ubora, namba ndogo ndio ubora zaidi) 18 au 19, ukishuka zaidi faili linavimba bure na macho hayaoni tofauti. Sauti weka AAC ndio simu zote zisome.

Mahali watu wanaharibu ni hapa: video za kamera za wakati ule zimeandikwa mistari nusu nusu, ukiikonveti ovyo utaona mtu akipunga mkono kuna vimistari kama meno ya kitana. Kwenye Filters washa Yadif, na kama unataka mwendo uwe laini kama ulivyokuwa kwenye TV chagua Bob alafu fremu weka 50. Ngoma na watu wanaocheza utaona tofauti kubwa sana. Na usidanganyike kuikuza iwe 1080, hakuna kitu kinaongezeka ila uzito.

Ya kwangu ya harusi ya wazazi ilitoka gigi 1 na nusu kwa saa mbili. WhatsApp ukituma kama dokumenti inapokea mpaka gigi 2, ukituma kama video ya kawaida wanaibana mpaka unalia.

Lakini ISO usifute. Hiyo ya HandBrake ni ya kuangalia, ISO ndio asili.

BintiChumbageni

Asanteni sana jamani, yani nimeelewa vitu ambavyo wiki mbili sijaelezwa na mtu.

Nimenunua draivu ya USB, ya kwanza na ya tatu zimekopi bila tatizo, kila moja dakika kumi na kitu. Mwanzo nilikwama kuzihamishia kwenye flashi yangu ya 32, inasema faili kubwa mno na wakati nafasi ipo tele, sijui kwa nini. Ya pili ndo imegoma, imefika asilimia 89 ikaniletea dirisha limeandika Failed to Read Sectors na chini Unrecovered Read Error, nabonyeza Retry inarudi vile vile. Nikabonyeza Continue nikakuta ni kila baada ya sekunde kadhaa inauliza tena, nikaogopa nikaacha. Nimejaribu pia kuingia kwenye folda la VIDEO_TS nikopi yale mafaili ya video ya VOB moja moja, matatu yamekuja, VTS_01_4 ikafika katikati Windows ikasema haiwezi kusoma na ikafuta hata kile kipande kilichokuwa kishakopi.

Ndo basi au kuna njia?

FundiWaMwenge

Flashi yako iko kwenye FAT32, hiyo haipokei faili moja linalozidi gigi 4. Ifomati iwe exFAT itakubali. Hakikisha haina kitu cha maana ndani kwanza mana inafuta vyote. Na flashi iwe ya kubebea tu, usiitegemee kutunza.

Kwa hiyo ya pili namuachia anayejua zaidi yangu, kuna mtu humu anaokoa diski za redio, ngoja nimtag.

MzeeWaKanda

Nimeitwa nimekuja. Binti yangu usiogope, bado hatujafika mwisho.

ImgBurn na Windows zimetengenezwa kwa diski nzima. Zikikuta sekta mbovu, yani vile vipande vidogo vya data kwenye diski, zinasimama na kung'ang'ania pale pale, na draivu inazidi kupata moto bila faida. Unachotaka ni programu yenye tabia ya kinyume, inayochukua kwanza kila kilicho rahisi, sehemu mbaya inairuka na kuiandika kwenye daftari, alafu ndo inarudi kuzisumbua zile mbaya moja moja. Hiyo ni GNU ddrescue. Haina madirisha wala picha, ni kuandika amri tu, ila amri zenyewe ni mbili.

Danlodi SystemRescue, ni Linux inayowaka kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako, na ddrescue imo ndani tayari. Iweke kwenye flashi kwa programu ya Rufus, washa laptopu kupitia hiyo flashi, chomeka ekstano (hadi diski ya nje) yenye nafasi, ingia kwenye folda la hiyo ekstano kabisa ndo uandike amri, ukiandikia ndani ya mfumo wa flashi ukizima kila kitu kimeondoka. Ya kwanza:

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 harusi2.iso harusi2.map

Hiyo /dev/sr0 ndo draivu yako ya DVD. Hii inapita haraka na kubeba vyote vinavyobebeka. Ikiisha unaandika ya pili:

ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 harusi2.iso harusi2.map

Hii ndo inarudi kwa zile sekta ilizoziruka na kuzijaribu mara tatu tatu. Inaweza kuchukua masaa, iache, kama una feni ielekeze kwenye draivu. Lile faili la .map ndo daftari lenyewe, usilifute wala kulibadilisha jina, umeme ukikatika ukirudia amri ile ile inaendelea ilipoishia.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Draivu hazilingani macho. Sekta ambayo draivu yako imeshindwa, draivu nyingine ya kampuni nyingine inaweza kuisoma vizuri. Nimeokoa diski kwa draivu kuukuu iliyotolewa kwenye kompyuta ya mezani ya miaka hiyo hiyo, ilisoma pale ambapo mpya mbili zilikuwa zimeshindwa. Kwa hiyo ukimaliza na ya kwako azima nyingine, weka diski, rudia amri ya pili na lile lile daftari, itajaza mapengo tu, haianzi upya.

Na swali langu kubwa kwako: mpiga video alitoa kopi ngapi? Nani mwingine kwenye familia alipewa?

BintiChumbageni

Shikamoo mzee, asante sana. Shangazi wa Pangani alipewa seti yake, nimempigia anasema ipo ila mjukuu alikuwa anachezea, ina mikwaruzo. Sasa mikwaruzo na hii yangu yenye kahawia si zote ni mbovu?

MzeeWaKanda

Marahaba. Ni mbovu ndio, lakini hazijaharibika sehemu moja. Ya kwako imeharibika ukingoni, ya shangazi imekwaruzwa sijui wapi. Kama mpiga video alichoma zote kutoka kwenye image moja, ambayo ndo desturi yao mana hakuna anayeedit mara mbili, basi sekta namba fulani ya kwako ni ile ile ya shangazi, neno kwa neno. Unaweka ya shangazi na daftari la ya kwako, ddrescue inaomba kutoka kwake zile sekta tu ulizokosa wewe.

Kabla hujafanya hivyo hakikisha kweli ni mapacha. Fungua folda la VIDEO_TS kwa diski zote mbili, linganisha ukubwa wa kila faili la VOB, sio kwa gigi, kwa baiti kamili mpaka tarakimu ya mwisho, na tarehe za mafaili. Zikitofautiana hata kwa moja usichanganye, utapata uji. Hapo kila moja unaiokoa kivyake na kipande kinachokosekana unakiunganisha baadaye kwenye programu ya kuedit.

Mkunazini

Samahani kuingilia, na mimi nina DVD zangu za filamu za kununua dukani, orijino, nataka kuziweka kwenye hadi diski kabla hazijafikia hapo. Hizo hizo programu zinafaa?

KijanaWaLikoni

@Mkunazini hizo ndio zina kufuli, linaitwa CSS, HandBrake peke yake hailifungui. Tumia MakeMKV, upande wa DVD ni bure, inatoa filamu kama ilivyo kwenye faili la MKV bila kuibana, kisha ukitaka ndogo unapitisha HandBrake. DVD Shrink utaona watu bado wanaisifu lakini ni ya 2004, kazi yake ilikuwa kubana diski ya gigi 8.5 iingie kwenye ya 4.7 wakati diski tupu za safu mbili zilikuwa ghali, leo hadi diski ziko hakuna haja ya kuikata filamu. Angalia tu sheria ya nchi unayoishi, kuna mahali kama Marekani kuvunja hilo kufuli lenyewe ni kosa hata kama diski umenunua kwa hela yako. Na iwe ya kwako, usije ukaanza kuwachomea mtaa.

BintiChumbageni

Wakuu narudi na majibu, samahani nimechelewa nilienda Pangani.

Amri ya kwanza na draivu yangu ilibeba yote isipokuwa megabaiti 17. Amri ya pili niliiacha usiku kucha na feni, asubuhi zikabaki 9. Jirani ana kompyuta ya mezani ya zamani ina DVD ya ndani, nikawasha ile flashi kwake nikaendelea na daftari lile lile, ikashuka mpaka 2.1. Hapo nilishafurahi mana nilipiga hesabu video yenyewe inakula kama kilobaiti 625 kwa sekunde, ina maana nakosa sekunde tatu na kidogo tu kwenye saa mbili.

Ya shangazi ilikuwa na alama za kucha na kitu kama maziwa yaliyokauka, nikaisafisha na kanga na maji kama fundi alivyosema. Mafaili ya VOB yanalingana mpaka baiti ya mwisho, na tarehe ni ile ile ya Novemba 2007. Nikaiweka. Niliona ile namba inashuka mbele ya macho yangu, 2.1, 1.4, ikakaa kidogo, 0.3, mwisho ikabaki kilobaiti 160. Robo sekunde.

Nikafungua ISO, nikaenda saa moja na dakika 41. Mama kasimama nyuma ya kiti cha dada, kajifunga leso ya kijani, mkono mmoja kaushika ukingo wa kiti, anaanza kuimba sauti ya chini kabisa mpaka wanawake wananyamaza mmoja mmoja wamsikie. Alafu vigelegele. Kuna mahali picha inaruka kidogo, kama kupepesa jicho, ila sauti haikatiki hata neno moja. Nilikuwa nimesahau kwamba aliimba beti zote, mimi nilikuwa nakumbuka moja tu.

Dada nimemtumia kwa WhatsApp kama dokumenti, ile ya HandBrake na Yadif. Alipiga simu hakuongea, tulikaa tu kwenye laini.

Fundi, Kijana, mzee wangu, Mungu awabariki sana. Sasa nimeshanunua ekstano mbili, moja inabaki kwangu na nyingine itasafiri na shemeji kwenda Muscat. Swali langu la mwisho, je nichome tena kwenye DVD mpya au niachane nazo?

FundiWaMwenge

Alhamdulillah, nimesoma hii nikiwa dukani nikalazimika kutoka nje kidogo.

Kuchoma ukitaka kwa ajili ya wazee wenye deki choma, kwa ImgBurn hiyo hiyo, spidi ndogo mfano 4x na ikimaliza iache ihakiki. Ila usihesabu kama nakala ya kutunza. Ekstano mbili kwenye nyumba mbili tofauti ni sahihi, na mara moja kwa mwaka zichomeke ufungue mafaili uone yanafunguka. Ukiweza weka na ISO moja moja mtandaoni bando likiruhusu, zote tatu hazifiki hata gigi 14.

MzeeWaKanda

Diski zenyewe usizitupe, hata hiyo ya kahawia. Zisimamishe wima kwenye kasha lake, mbali na dirisha. Na ya shangazi mrudishie pamoja na flashi yenye video, asije akaona tumemchukulia.

BintiChumbageni

Nimeshampelekea mzee, na TV yake inasoma flashi. Shangazi kaniambia mtaani kwao Pangani kuna nyumba nne alizozijua walioana miaka ile ile, mpiga video huyo huyo, diski zile zile za zambarau. Mbili kanipa niondoke nazo. Moja iko ndani ya draivu sasa hivi, imefika asilimia 63 na haijakosa kitu.